OK Iliyosikika Nusu

Ukiingia kwangu kwa mlango wa nyuma, kati ya jiko na choo utakanyaga kiraka cha zege, kirefu kama hatua nne na upana wa dhiraa moja hivi. Rangi yake imekoza kuliko sakafu nyingine, na ukipita peku utauhisi ukingo wake chini ya unyayo. Wageni huuliza kama sakafu iliwahi kupasuka. Haikupasuka. Kiraka hicho kilitokana na herufi mbili nilizoandika kwenye simu nikiwa nimesimama ndani ya daladala.

Fundi wangu wa ujenzi aliniandikia asubuhi: "Bosi zege tayari tumwage jamvi". Hakuweka alama ya kuuliza, ila nilijua anauliza. Nilichotaka kumjibu kilikuwa kirefu: nimeona ujumbe wako, msubiri fundi bomba alaze kwanza mabomba ya maji machafu, nikishuka nakupigia. Lakini mkono mmoja ulikuwa umeshika chuma cha juu, mtu amenikanyaga mguu, na konda anadai nauli. Nikaandika OK, nikarudisha simu mfukoni. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshajibu yote.

Nilipompigia baada ya saa mbili alipokea kwa furaha. Jamvi lilikuwa limeshamwagwa na kusawazishwa, vijana wananawa mikono. Nilipofika nikaanza kufoka. Yeye hakubishana. Alitoa simu kwenye mfuko wa ovaroli, akafuta vumbi la saruji kwa kidole gumba, akanigeuzia kioo. Ujumbe wake, na chini yake OK yangu.

"Na zege halilali, bosi," akasema.

Sikuwa na la kujibu. Siku tatu tulipasua kwa tindo na nyundo jamvi ambalo hata halijakauka vizuri, tukapitisha bomba, tukaziba. Gharama ilikuwa juu yangu, na ilistahili kuwa juu yangu.

Tangu hapo nimekuwa nikilifuatilia neno hili kama mtu anayemfuatilia mdeni. Ndipo nikakutana na kisa ambacho mbele yake kiraka changu ni kichekesho. Watu 583 walikufa, na katikati ya kisa hicho imekaa OK moja. Nakisimulia kwa sababu ishara za onyo zilikuwepo, tena nyingi, na waliozipita hawakuwa wazembe wala wajinga. Walikuwa watu waliobobea katika kazi yao kuliko mimi na wewe tulivyobobea katika zetu.

Kwanza neno lenyewe. OK ilizaliwa kwa mzaha. Inaonekana kwa mara ya kwanza katika gazeti la Boston Morning Post la Marekani, toleo la tarehe 23 Machi 1839. Siku hizo waandishi wa mji ule walikuwa na mchezo wa kuandika maneno kwa makosa ya makusudi kisha kuyafupisha. "All correct", yaani yote sahihi, likaandikwa "oll korrect", likabaki OK. Mwaka uliofuata wafuasi wa Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook katika jimbo la New York, walimwita "Old Kinderhook" na kuzifanya herufi hizo kuwa kaulimbiu ya uchaguzi. Van Buren alishindwa uchaguzi ule. Neno lilishinda, likaenda dunia nzima.

Tatizo ni kwamba lilivyozidi kusafiri ndivyo lilivyozidi kubeba mizigo. Chakula kilikuwaje? Kilikuwa OK, si kibaya wala hukitamani tena. Umeumia? Niko OK. Naweza kuazima baiskeli yako? OK, ichukue. OK, tuanze kikao: hapo halina maana yoyote, ni kama kugonga meza. OK, OK, basi: nyamaza. Na ipo ile ambayo naiogopa kuliko zote, OK ya mtu anayekusikiliza, ambaye anachosema ni kwamba sauti yako imemfikia. Hajakubali, hajakataa. Amesikia tu.

Lilipofika kwetu halikupata shida, maana lilimkuta mwenzake "sawa" akifanya kazi hiyo hiyo. Ukuta uko sawa, hesabu ziko sawa, tumepata sawa kwa sawa, sawa nimekubali, sawa nimekusikia. Kuna hata ile sawa fupi ya mama mwenye nyumba inayofuatiwa na kimya, ambayo kila mwenye ndoa anajua maana yake haipatikani kwenye kamusi.

Sasa kisa chenyewe.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 27 Machi 1977, katika visiwa vya Canary, milki ya Hispania iliyo nje ya pwani ya Afrika, upande wa kaskazini magharibi. Mchana bomu lililipuka katika jengo la abiria la uwanja wa ndege wa kisiwa cha Gran Canaria, ikasemekana lipo na la pili. Uwanja ukafungwa. Ndege zilizokuwa zinakwenda huko zikaelekezwa kisiwa jirani cha Tenerife, katika uwanja mdogo wa Los Rodeos wenye njia moja tu ya kurukia. Uwanja huo uko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mawingu hayapiti juu ya vichwa vya watu. Yanapita katikati yao.

Miongoni mwa ndege hizo zilikuwepo Boeing 747 mbili. Moja ya KLM, iliyotoka Amsterdam na watalii wa Kiholanzi. Nyingine ya Pan American, iliyotoka Los Angeles kupitia New York, wengi wa abiria wake wakiwa wastaafu waliokuwa wanakwenda kupanda meli ya matembezi. Wamarekani walikuwa na mafuta ya kutosha, wakaomba wazunguke angani mpaka uwanja wa Gran Canaria ufunguliwe. Wakaambiwa watue. Jambo dogo kama hilo lina uzito wake ukilitazama baadaye.

Eneo la maegesho lilijaa ndege mpaka zikaziba njia ya pembeni, ile ambayo ndege huifuata kwenda mwisho wa njia ya kurukia. Gran Canaria ilipofunguliwa, Pan American ilikuwa tayari, lakini mbele yake ilikaa ile ya KLM, na kapteni wake alikuwa ameamua kujaza mafuta pale pale, lita 55,500, ili asipate foleni mbele ya safari. Wamarekani walishuka wakapima nafasi kama wanaweza kupenya pembeni. Ilipungua mita chache. Wakasubiri. Na wakati wanasubiri, ukungu ukaanza kushuka.

Kapteni wa KLM alikuwa Jacob Veldhuyzen van Zanten. Huyu hakuwa rubani wa kawaida. Ndiye aliyekuwa mkuu wa wakufunzi wa ndege aina ya 747 katika shirika lake, na picha yake ilitumika katika matangazo ya shirika hilo. Alikuwa ametumia miaka mingi akifundisha kwenye mashine za kuigiza urubani, mahali ambapo mwalimu ndiye anayetoa vibali na hakuna wa kumngoja. Rubani msaidizi wake siku hiyo, Klaas Meurs, alikuwa na saa chache tu kwenye ndege za aina ile, na aliyempima na kumpitisha miezi michache kabla ni kapteni huyo huyo aliyekaa kushoto kwake. Wa tatu alikuwa mhandisi wa ndege, Willem Schreuder.

Juu ya yote hayo kulikuwa na saa. Sheria ya Uholanzi kuhusu muda wa kazi wa marubani ilikuwa imekazwa karibuni. Wangechelewa zaidi, wangelazimika kulala Tenerife na abiria wao zaidi ya 200, na kapteni anayevuka muda angeweza kushtakiwa. Kila mmoja wetu anaijua hali hiyo: basi la mwisho linaondoka, ofisi inafungwa saa tisa, zege halilali. Hapo ndipo masikio huanza kusikia yanachokitaka.

Kwa kuwa njia ya pembeni ilikuwa imeziba, ndege zote mbili ziliambiwa zipite kwenye njia yenyewe ya kurukia. KLM itangulie mpaka mwisho, igeuke. Pan American ifuate nyuma yake, kisha ichepuke kwa njia ya tatu upande wa kushoto. Taa za katikati ya njia hazikuwa zinafanya kazi. Mnara haukuwa na rada ya kuona ndege zilizo ardhini. Kwa hiyo mwongoza ndege hakuiona KLM, KLM haikuiona Pan American, Pan American haikuiona KLM. Kilichowaunganisha kilikuwa redio moja na Kiingereza, ambacho kwa mwongoza ndege Mhispania na marubani Waholanzi kilikuwa lugha ya kujifunza.

Wamarekani hawakusikia vizuri kama wameambiwa njia ya kwanza au ya tatu. Wakauliza. Mwongoza ndege akahesabu: moja, mbili, tatu, ni ya tatu. Napenda uikumbuke sehemu hii, kwa sababu katika dakika zile zote ni hapa palipofanyika lililo sahihi. Mtu hakuelewa, akauliza tena, akajibiwa kwa namna ambayo haina njia mbili. Hata hivyo njia ya tatu ilikuwa na kona kali kwa ndege kubwa kama ile, na katika ukungu waliipita, wakawa wanaelekea ya nne.

KLM ilifika mwisho, ikageuka. Kapteni akaanza kusukuma mbele mikono ya injini. Meurs akamzuia: ngoja, bado hatuna kibali. Kapteni akasema anajua, akamwambia aombe.

Hiyo ndiyo ishara ya kwanza, tena kubwa. Mkuu ameanza kuondoka bila ruhusa, mdogo wake amemsimamisha. Ungetegemea kila mtu mle ndani ashituke kidogo. Lakini fikiria upande wa Meurs. Umemkosoa mwalimu wako, aliyekupitisha juzi tu, mbele ya mtu mwingine. Je, utaweza kumkosoa tena kabla dakika moja haijaisha? Sisi tuliolelewa kwamba mkubwa hakosolewi hadharani hatuhitaji kufafanuliwa uzito wa jambo hilo.

Meurs akaomba kwa redio. Akasema mambo mawili kwa pumzi moja: wako tayari kuruka, na wanasubiri kibali cha njia. Vibali hivi ni viwili tofauti. Cha kwanza kinakueleza ukisharuka upite wapi. Cha pili ndicho kinachosema ruka. Ni kama mtu akuelekeze safari ya Tanga kutoka Dar es Salaam: ukifika Chalinze kata kulia. Amekupa njia, hajakuambia uwashe gari. Mwongoza ndege alitoa kibali cha njia peke yake. Bahati mbaya ndani ya maelezo yake limo neno "takeoff", kuruka, maana alisema baada ya kuruka wageuke kulia. Na Kiingereza kinatumia "cleared" kwa kibali cha aina zote mbili, kama sisi tunavyosema kibali na kunyamaza. Mtu aliyekuwa akilingoja neno hilo alilisikia.

Meurs alipokuwa anarudia maelezo yale neno kwa neno, kama utaratibu unavyotaka, kapteni aliachia breki na kusema kwa Kiholanzi kwamba wanaondoka. Ndege ikaanza kwenda. Meurs, katikati ya sentensi, akiwa na haraka, akamalizia kwa maneno ambayo hayamo katika lugha ya marubani: "we are now at takeoff". Tafsiri yake ya moja kwa moja ni "sasa tuko kwenye kuruka". Waliosikiliza mkanda wengine husikia "taking off", tunaruka. Kwa Mholanzi, sentensi ile ina sura ya Kiholanzi na maana yake ni kwamba tendo limeanza. Kwa Mhispania mnarani ilimaanisha tumefika mahali pa kurukia, tunakungoja. Ishara ya pili: sentensi ngeni, isiyo ya kawaida, mahali ambapo kila sentensi ina umbo lake maalumu. Ukisikia sentensi ngeni mahali kama hapo, uliza. Hakuuliza.

Alisema OK.

Kisha ikapita kama sekunde mbili za kimya. Kisha akaendelea: subirini kuruka, nitawaita. Katika zile sekunde za kimya, rubani wa Pan American, ambaye sentensi ya Meurs ilikuwa imemtia wasiwasi, akabonyeza redio yake na kusema kwamba wao bado wanatembea kwenye njia ya kurukia. Watu wawili walizungumza kwenye mawimbi yale yale kwa wakati mmoja. Katika chumba cha marubani cha KLM sauti zao zilikatana, ukabaki mluzi wa sekunde chache. "Subirini" imo ndani ya mluzi. "Bado tuko njiani" imo ndani ya mluzi. Kilichosikika vizuri ni OK.

Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara naona simu yenye vumbi la saruji. Mwongoza ndege alikuwa na OK ya kusikia: nimekupata, ngoja nikuambie la kufanya. Kapteni alipokea OK ya ruhusa: haya, nenda. Neno ni lile lile, herufi ni zile zile, na kila mmoja angeweza kuapa kwamba amelielewa. Mimi nadhani kosa la mwongoza ndege si kusema OK. Watu wanasema OK siku nzima. Kosa ni kuitanguliza mbele ya katazo. Angesema "subirini" kwanza, huenda sekunde zile mbili zingewaokoa.

Na hata hapo mlango ulikuwa haujafungwa. KLM ikiwa inaongeza mwendo, mnara uliwaambia Wamarekani watoe taarifa wakishatoka njiani. Wakajibu: OK, tutawaarifu tukishatoka. Maneno hayo yalisikika katika chumba cha marubani cha KLM. Maana yake ni wazi: bado hatujatoka. Marubani wawili wa mbele, mikono na macho yao yakiwa kazini, hawakuyapa nafasi.

Aliyeyasikia ni Schreuder, mhandisi. Akauliza kwa Kiholanzi: kwani huyo Pan American hajatoka? Kapteni akamjibu kwa mkazo kwamba ametoka. Schreuder akanyamaza.

Hii ndiyo ishara ninayoiona kuwa nzito kuliko zote, kwa sababu haikuharibiwa na redio wala lugha ya kigeni. Watu watatu katika chumba kimoja, kwa lugha ya mama zao. Mmoja alikuwa na shaka, na shaka yake ilikuwa sahihi kabisa. Lakini aliitoa kama swali la upole, kwa mkubwa, akajibiwa kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, na uhakika wa mkubwa ukaimeza shaka ya mdogo. Ilibaki kama robo dakika.

Marubani wa Pan American waliona taa za KLM zikitokeza kwenye ukungu, wakajaribu kuipeleka ndege yao majanini upande wa kushoto. Kapteni wa KLM alipowaona aliinyanyua ndege kabla ya wakati mpaka mkia ukakwaruza ardhi. Pua ilipita juu ya ndege ya Wamarekani. Injini na magurudumu havikupita. Watu wote 248 waliokuwa ndani ya KLM walikufa. Kwenye Pan American walikufa 335 na kunusurika 61, wakiwemo marubani wote wawili na mhandisi wao waliokuwa mbele. Abiria mmoja wa KLM, mwongoza watalii aliyekuwa anakaa kisiwani, alikuwa amekataa kupanda tena ndege kwa kuwa alishafika kwake. Hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi kuliko ile.

Habari zilipofika Amsterdam, inasimuliwa kwamba wakuu wa shirika walimtafuta mtaalamu wao bora wa 747 awasaidie katika uchunguzi. Walikuwa wanamtafuta Veldhuyzen van Zanten.

Wahispania katika ripoti yao waliweka uzito kwa kapteni, kwamba aliruka bila kibali. Waholanzi walisisitiza kwamba kutoelewana kulikuwa kwa pande zote. Sina haja ya kuamua kati yao. Ninachokithamini ni walichofanya watu wa anga baadaye, kwa sababu hawakuishia kusema rubani alikosea, wakaenda nyumbani. Walitengeneza lugha. Neno "takeoff" liliwekewa ulinzi: siku hizi mnara hulitumia unapotoa ruhusa yenyewe ya kuruka au unapoifuta. Kwingine kote husemwa "departure", kuondoka. Na anayepewa agizo lenye uzito hajibu OK, analirudia agizo lenyewe ili aliyelitoa asikie kilichofika. Ndani ya vyumba vya marubani kukaanzishwa mafunzo ya kumwezesha mdogo kumwambia mkubwa bila kuzunguka, na mkubwa kumsikiliza.

Usidhani OK ndiyo yenye hatia peke yake. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca kutoka Colombia ilizunguka karibu na New York mpaka mafuta yakaisha, ikaanguka Long Island, wakafa watu 73 kati ya 158. Marubani walikuwa wamewaambia waongoza ndege kwamba wanahitaji "priority", kipaumbele. Hawakutamka "emergency", dharura. Kwao neno la kwanza lilitosha. Kwa waliolisikia lilimaanisha mnastahili kufikiriwa, basi.

Tuyarudishe haya nyumbani, maana wengi wetu hatutaongoza ndege. Nenda kwenye duka lolote la dawa, usimame pembeni kidogo. Mhudumu anasema: hii mbili mara tatu, hii moja usiku baada ya chakula, hii usichanganye na maziwa. Mgonjwa anasema sawa, sawa, sawa. Sawa tatu kwa dawa tatu. Ipi ni ya kuelewa na ipi ni ya heshima? Mimi mwenyewe nimesema sawa za heshima mara nyingi, kwa mhudumu aliyevaa koti jeupe na foleni ndefu nyuma yangu, kisha nikafika nyumbani nikaanza kusoma karatasi kwa mwanga wa simu. Mpe mzee wako nafasi akuambie atakunywa nini na saa ngapi. Usimuulize kama ameelewa. Atakuambia ameelewa.

Na wewe unayetoa maagizo kazini, uliyezoea kujibiwa "sawa mkuu", hebu jiulize mara ya mwisho mtu wako alikuuliza swali la Schreuder ni lini, na ulimjibu kwa sauti gani. Nami najiuliza. Siku ile ya jamvi, nilikuja kuambiwa baadaye kwamba kijana mmoja wa kubeba kokoto alimuuliza fundi: mbona bomba la choo halijalazwa? Akaambiwa bosi ameshasema OK.

Mimi na fundi yule bado tunafanya kazi pamoja. Wiki iliyopita aliniandikia: "Bosi rangi ya ukuta wa mbele imefika tupake". Kidole kilikuwa kimeshaandika O. Nikaifuta, nikaandika: "Usipake leo. Nakuja kesho saa tatu asubuhi tuiangalie kwanza." Nikasubiri. Baada ya dakika mbili simu ikalia kidogo, nikaifungua. Ameandika: "OK".

Nikampigia.